Kizibo kwenye Kitufe cha Kushoto

...na mkono wake bado umo ndani ya mashine, umeingia hadi kiwikoni, mkono mweupe wenye saa, unapapasa kile chuma cha chini kama mtu anayepapasa mgongo wa ng'ombe mnadani, "tazameni, wageni wetu, tazameni ulaini huu," anasema Profesa Schöttle, na juu ya mkono huo limening'inia pande la chuma zito kuliko gari letu, na gurudumu la pembeni linazunguka, nalisikia kwenye meno, na mimi nimesimama hapa na trei ya brezeli, vile vimkate vya kusokota vilivyopakwa siagi, kiwiko changu kiko shubiri moja kutoka kwenye kitufe cha kulia, shubiri moja tu, nikigeuka kidogo kama mtu anayempisha mwenzake, basi, chuma kinashuka, mfupa unalia kama kuni mbichi, saa inasagika, shati linakunywa damu hadi begani, na wageni wote na glasi zao wanajua... wanajua nini, sijui, lakini wanajua... kitufe kimoja kisingetosha, presi hii ya kukunjia bati ina vitufe viwili, kimoja kulia na kimoja kushoto, ni lazima ubonyeze vyote kwa pamoja ili mikono yako yote iwe nje chuma kinaposhuka, hilo baba alinifundisha kabla sijajua kusoma, ila leo cha kushoto kimeshabonyezwa, nimemwona fundi wa maabara, Bwana Pfisterer, akikishindilia kizibo cha chupa ya mvinyo wa mapovu kisirudi juu, "Mkurugenzi atakuwa na glasi mkononi," alimnong'oneza kaka yangu Lennart, "sasa unataka aiweke wapi, kichwani?" na kaka akacheka, mwanafunzi mzima wa uhandisi, mwana wa baba yule, akacheka... mashine ni hii hii ya baba kule kiwandani, wameipaka rangi ya buluu na kuifunga utepe lakini naijua kwa lile kovu la mguuni, nilikalia mguu huo siku kiwanda kilipoalika familia, nilikuwa mdogo, baba akanipa soseji nikala huku nikimtazama anavyokunja bati, mikono yake yote miwili... "Kiwanda kinatupa mashine, sisi tunakipa wahandisi," anasema Profesa, "ni kama ndoa, ila hapa hakuna anayeosha vyombo!" wanacheka, wanagonga meza, ndivyo wanavyoshangilia hapa chuoni, hawapigi makofi, wanagonga meza kwa vifundo vya vidole, ko ko ko, na vyombo vyenu naosha mimi, Bwana Profesa, tangu nilipoacha darasa la kumi, kwa sababu mtu alitakiwa kumfunga baba vifungo vya shati na kumkatia nyama, na mtu huyo hakuweza kuwa Lennart, Lennart alikuwa na nafasi chuoni... ko ko ko, laiti ningewagonga mimi, kwa trei hii, jino moja moja, Mkurugenzi wa kiwanda kwanza, Bwana Nägele, aliyekuja hospitali na maua, akakaa kitandani, akayakalia mashuka, akasema, "Gerold, unajua mwenyewe kitufe chako kilikuwa na kabari, sasa mimi nifanyeje?" kabari ya mti, jamani, msimamizi wa zamu ndiye aliyezichonga na kuwagawia, kila mtu alikuwa nayo, bila kabari hufikishi kazi ya zamu, na wote waliapa hawajawahi kuiona, "lakini tunapeleka vijana wetu chuoni," akasema, "nusu ya wiki darasani, nusu kwetu, kijana wako ana kichwa," na baba akatazama bandeji pale mkono ulipoishia, akatazama ukuta, akasema ahsante... ahsante! nilitaka kumpasulia Nägele chombo cha maua usoni, nilikuwa nimekishika, maji yake yalikuwa ya baridi, na kwenye mfuko wa plastiki chini ya kitanda ilikuwamo glovu ya baba, muuguzi hakujua pa kuiweka, nzima, bapa, kama jani lililokaushiwa kitabuni... "Mdogo wangu, tabasamu basi, unawatisha wageni," ni Lennart, amekuja ubavuni kuchukua brezeli, ananukia sabuni, amevaa koti jipya. "Kile kizibo ni cha nini?" namwuliza, mdomo haujafunguka vizuri. "Usianze, Svenja." "Nimekuuliza." "Ni dakika moja tu, watapiga picha, kitatolewa. Leo usianze, nakuomba, baba yupo." Na kweli yupo, mstari wa mbele, Lennart ndiye aliyemleta, baba kavaa suti yake ya mazishi, mkono wa koti umekunjwa na kupigwa pini, pini nimeipiga mimi asubuhi, hakuniambia tunakuja kuitazama hii, labda hakuambiwa... "imeshaleta bahati mbaya moja ndogo," anasema Profesa, bado anapapasa, "kosa la mtumiaji, na ndiyo maana tunataka wanafunzi wetu wajifunze kwenye chuma halisi!" ko ko ko, na baba naye anagonga, Mungu wangu, anagonga meza kwa mkono wa kushoto, kwa adabu, kama wengine, bahati mbaya ndogo na yeye anaigongea, namchukia, nawachukia wote, Lennart na koti lake, sasa, Svenja, sasa, geuka, utasema uliteleza, siagi ilimwagika, utalia kidogo, nani atamshuku msichana wa jikoni, watasema kosa la mtumiaji, na Profesa naye glovu yake iwe bapa, mkewe amkatie nyama, amfunge vifungo, binti yake aache shule, ndiyo, binti yake, ana binti, namjua, huja kantini kula viazi kwenye meza ya pembeni na kunisalimu kwa jina... kiwiko changu kinasogea, sikukiambia, kinasogea chenyewe... na baba ameacha kugonga. Amekiona kizibo. Najua amekiona kwa sababu rangi imemtoka, na kile kipande cha mkono ndani ya koti kinaruka, kinaruka nyuma, tena, tena, kama kinavyoruka anapoota, pini imefunguka, mkono wa koti unaning'inia, nilidhani siku zote anapoota anavuta mkono wake yeye, lakini macho yako kwa Profesa, jasho linamtiririka, anavuta, baba yangu anauvuta mkono wa Profesa kwa mkono asio nao, anauvuta utoke, na sauti haimtoki, miaka yote hii haimtoki, ilibaki hospitali pamoja na ile ahsante... na Mkurugenzi ameshafika, glasi juu, shavu jekundu, "Vipi, Schöttle," anacheka, "nibonyeze sasa hivi? Kesho utasahihisha mitihani kwa mkono wa kushoto!" Wanacheka, Profesa naye anacheka, anatikisa vidole humo ndani, "Bonyeza, bonyeza, tuone!" na dole gumba la Nägele linakuja, nene, lina pete, linakuja kwa mzaha tu... hajui, ee Mungu, hajui, hajaambiwa, anadhani kitufe kimoja hakifanyi kitu, ni mzaha, na Pfisterer yuko nyuma ya kamera, na Lennart mdomo umejaa brezeli, macho yamemtoka, hamezi, na ninaloliomba tangu asubuhi linakuja lenyewe bila mimi kuguswa na lawama, nisogee tu, nimpishe, sitakiwi hata kugeuka... "Sogea kidogo, binti, utatuharibia picha." Ananiita binti. Hanijui. Vidole vya Profesa bado vinacheza, na glovu ile, naiona, haina jina, haikuwahi kuwa na jina, ingemtosha yeyote, na siitaki, simtakii hata huyu, ninachotaka ni wanitazame, wamtazame baba, wakitazame kile kizibo, na dole la Nägele limegusa nyonga yangu badala ya kitufe maana nyonga yangu ndiyo iliyopo hapo sasa, "Binti," anasema, hacheki tena, "nimesema sogea," na mimi pumzi imejaa kifuani, najua neno litakalotoka, litatoka kwa sauti ya baba aliyoiacha kule, toa mkono, toa mkono kwanza, na mkono bado umo ndani, na trei bado iko mikononi mwangu, yote miwili, na mwili wangu bado uko palepale kwenye kitufe, sijasogea, na hawanisogezi.