Kikapu Mdomoni mwa Zafarani

Farasi akisaga meno, unatamani uzibe masikio. Ni sauti ya mtu anayeburuta jiwe sakafuni. Zafarani alianza Alhamisi asubuhi, mimi nikiwa zizini namtekea maji, na hakuwa na cha kusaga. Hori tupu. Mdomoni kafungwa kile kikapu cha kamba za katani, baba kakisuka kwa mkono wake, ili asiweze kuchuma hata jani moja.

Harusi ya kaka yangu Thuwaini ilikuwa kesho yake, Ijumaa, baada ya Alasiri. Kwetu Mwera, bwana harusi wa ukoo wetu hutoka msikitini juu ya farasi mpaka mlangoni kwa bibi harusi, na mlangoni panatandikwa busati. Sasa farasi ni farasi. Akishiba lazima ashushe mzigo. Ndiyo maana baba humfungisha tangu siku ya kabla. "Farasi wa Waislamu huyu," husema, "saumu haimuui." Na tangu Ramadhani iishe, Mfunguo Mosi uingie, harusi zilikuwa zinafuatana, kila ndugu anamtaka Zafarani, kwa hiyo kila wiki mwenzetu yuko kwenye saumu.

Usimcheke baba kabla hujajua. Siku ya harusi yake mwenyewe, farasi wa babu alimwaga lote juu ya busati, mbele ya wakwe, matari yakanyamaza. Mpaka leo akiingia sokoni Pangani kuna wazee wanamwita Bwana Samadi. Anaitikia, anacheka nao, halafu njia nzima ya kurudi hasemi neno.

Mimi nimemaliza fomu sita, nasubiri matokeo, na kukaa kunanishinda. Kwa hiyo Zafarani namjua kuliko ninavyojijua. Nilikuwa nimeshaona kakonda, manyoya hayang'ai, pumba anainusa anaiacha, anapiga miayo ovyo. Ukimkaza mkanda wa tandiko anageuka kukung'ata. Baba mara aseme jeuri, mara aseme jicho la watu. Na kuna ule unga wa maumivu aliopewa alipoteguka mguu. Mguu umepona zamani, unga bado unaendelea, eti kinga.

Alhamisi hiyo akalala, akainuka, akalala tena, anageuza shingo kutazama mbavu zake kama kuna mtu anamwita humo ndani. Nikampigia Dakta Leticia, daktari wa mifugo, alikuwa Pangani anachanja mbwa.

"Usimpe kitu," akasema. "Hasa huo unga. Nakuja."

Alifika na pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. Akamwamkia baba shikamoo, akamfunua Zafarani mdomo akatazama fizi, akamsikiliza tumbo upande huu na upande huu, akambonyeza nyuma ya kiwiko. Zafarani akakunja masikio.

"Mzee Muhanad, nadhani ana vidonda vya tumbo. Kuhakikisha kunataka kamera ndefu ya kuingiza mpaka tumboni, na huku hatuna. Lakini dalili zote ziko hapa."

Baba akacheka kidogo. "Vidonda vya tumbo? Ana mawazo gani huyu? Anasubiri matokeo kama Tahiri?"

"Hana mawazo, ana njaa. Mzee, wewe na mimi tukila ndipo tumbo linatoa asidi kwa wingi. Farasi anatoa mchana na usiku, ale asile. Kinachoituliza ni mate, na mate yake hayaji mpaka atafune. Ukimfunga mdomo, ile asidi inamla mwenyewe. Ukimpanda na tumbo tupu, inaruka mpaka juu, kule ambako hakuna ngozi ya kuihimili. Na unga wa maumivu nao unachubua."

Dakta akatoa kwenye begi bomba la dawa, la kupunguza asidi. Lilitoka kwa jamaa mmoja wa Mombasa mwenye farasi, likaingilia mpakani Horohoro. Akanionyesha: asubuhi kabla hajala, juu ya ulimi, kule nyuma, usubiri kidogo, ndipo majani.

"Siku nyingi, si leo na kesho. Mwezi hivi. Na majani makavu yawe mbele yake wakati wote. Pumba na mahindi punguzeni. Unga, basi. Na kesho asipandwe."

"Kesho anapandwa," baba akasema.

"Kidonda kikitoboka mzee, ni mara chache, lakini kikitoboka mimi sina cha kufanya. Utanipigia nije kumtazama anakufa."

"Dawa atapata. Chakula atapata baada ya harusi. Ahsante, Dakta."

Dakta Leticia akavaa kofia yake. Akiwa anawasha pikipiki akaniambia kwa sauti ya chini, "Dawa bila majani ni kupaka rangi nyumba inayoungua, mdogo wangu. Akianza kugaagaa na kutoka jasho, nipigie."

Baba alifunga ghala la majani, ufunguo akautia mfuko wa kanzu. Halafu, na hapo ndipo nilipojua ananijua, akahamishia kiti chake mlangoni mwa zizi. Akakaa pale na tasbihi, wageni wanakuja kumsalimia palepale. Mimi naingia, natoka, nateka maji ambayo hayahitajiki. Zafarani anasaga meno. Baba anavuta tasbihi. Kila akisaga, naona kidole cha baba kinasimama kwenye punje, halafu kinaendelea.

"Baba, unamsikia?"

"Namsikia. Bi Shamsiya pia alisikika siku ile. Alicheka akakaa chini."

Bi Shamsiya ni bibi yake bibi harusi. Alikuwapo kwenye harusi ya baba, na ndiye aliyeagiza kwamba mjukuu wake lazima afuatwe na farasi. Sasa utamwambia nini mzee wangu?

Ijumaa asubuhi baba akaenda kusimamia masufuria ya pilau. Nikampaka Zafarani dawa. Nikasubiri, macho njiani. Halafu nikafungua kile kikapu, nikakitundika msumarini, nikachukua panga nikafyeka ukoka nyuma ya zizi. Mwanzo aliugusa tu kwa mdomo. Akatafuna kidogo, akaacha, akatazama mbavu. Nikamwambia kula bwana, utaniletea balaa bure. Akala. Polepole, kama mtu anayekula huku anasikiliza. Lakini ule msago ukaisha, ikabaki sauti ya kutafuna.

Na ndipo baba akatokea, na Thuwaini nyuma yake, tandiko begani.

Baba akatazama ukoka. Akatazama msumari. Akatungua kikapu, akamsogelea Zafarani kumvisha. Zafarani akarudi nyuma mpaka akagonga ukuta, anatetemeka mapaja.

"Ngoja baba," Thuwaini akasema. "Kwanza nimjaribu tandiko."

Akalitua mgongoni taratibu, akavuta mkanda. Tundu la kwanza tu. Zafarani akageuka mdomo wazi, nikajua mkono wa bwana harusi umekwenda. Lakini hakumng'ata. Alimshika mkono wa kanzu kwa meno akakaa hivyohivyo, anapumua kwa pua, jasho limeanza kumtoka shingoni. Thuwaini akalegeza mkanda. Zafarani akamwachia.

"Sitampanda," Thuwaini akasema.

"Utafikaje? Kwa bodaboda?"

"Kwa miguu. Yeye mbele, mimi nyuma yake. Bi Shamsiya alitaka farasi mlangoni, farasi atafika mlangoni. Na Tahiri amlishe njia nzima."

"Njia nzima," baba akasema. "Halafu busati?"

Baba akakigeuzageuza kikapu mkononi, anapekua zile kamba. Halafu akatia mkono mfukoni akanirushia ufunguo wa ghala.

Basi ndivyo tulivyokwenda. Hakuna tandiko, Zafarani na kilemba chake cha maua, mimi kando nimembebea furushi la majani chini ya pua, anatafuna tu. Watu wakaanza. "Kwani anaoa nani, farasi?" "Tahiri, mpe na soda." Thuwaini nyuma anacheka. Baba hakucheka. Alitembea usawa wa mapaja ya Zafarani, joho limemkaa vizuri, mikono nyuma, macho hayatoki kwenye ule mkia.

Mimi macho yangu yalikuwa mbavuni. Kila akisimama nasimama na roho yangu. Akaangalia mbavu mara moja, karibu na kisima, nikaona sasa ndiyo basi. Akapumua, akarudi kwenye majani.

Tukafika. Busati jekundu, Bi Shamsiya kasimama mlangoni na fimbo yake, wanawake nyuma yake wamejaa. Matari yakapanda. Zafarani akakanyaga busati miguu ya mbele. Akakanyaga ya nyuma. Akaacha kutafuna.

Mkia ukainuka.

Mimi nikafumba macho. Nilipoyafumbua matari yalikuwa yamekatika, na baba yangu, na joho lake la nyuzi za dhahabu, alikuwa amechutama nyuma ya Zafarani, kashika kwa mikono miwili kile kikapu cha katani. Alikuwa nacho ndani ya joho muda wote. Kilijaa mpaka juu. Tonge moja likaanguka, likaviringika, likasimama pembeni kabisa mwa busati, kwenye mchanga.

Bi Shamsiya akalitazama lile tonge, akamtazama baba.

"Muhanad," akasema, "safari hii umewahi."

Vigelegele vikapasua mji. Zafarani akavuta majani mkononi mwangu, akaanza tena kutafuna. Baba akainuka polepole, magoti yanalia, kikapu kakishika mbele yake kama sinia la halua, watu wanampisha njia.

"Tahiri," akaninong'oneza, "Dakta alisema huyu anakula mpaka lini hivi?"

"Wakati wote, baba."

Akatazama kile kikapu. "Basi tafuta na kingine cha kukingia huku nyuma," akasema. "Hiki hakirudi mdomoni."