Kiti Kilichoanikwa Mlangoni

Karakana ya fundi makochi ilijaa viti vya watu kuanzia ukutani mpaka mlangoni, lakini kiti kimoja tu alichotakiwa kukitoa nje kilikuwa kimemshinda.

Kiti hicho kilikuwa ishara ya chama kipya cha siasa, na chama chenyewe kilikuwa kichanga. Hakikuwa na magari wala vipaza sauti. Mtu akiamua kukiunga mkono, alitoa kiti kitupu mchana akakiweka mbele ya mlango wake, basi. Maana yake ilikuwa: karibu, keti, uliza. Mtaa ukawaita Watu wa Kiti, kwanza kwa kejeli, baadaye kwa mazoea, nao wakawa wanaongezeka polepole, kama unga unaoumuka chini ya kitambaa.

Aliyewakusanya alikuwa mkunga mstaafu ambaye mikono yake ilipokea nusu ya watoto wa mtaa ule. Walikutana sebuleni kwake alasiri, wakasali kwanza, ndipo wakazungumza.

"Mimi siwaahidi lami," mkunga alikuwa akisema. "Ninachotaka ni serikali ibishe hodi kama wageni wengine. Mzazi aulizwe mwanawe anafundishwa nini. Mtu asione haya kusali. Na mwenye kazi yake aachwe aifanye."

Fundi alipoyasikia maneno hayo mara ya kwanza, alijihisi kama mtu aliyefungua sanduku akakuta nguo yake ya zamani, akaijaribu, ikamkaa vilevile. Aliyaamini. Ila kuamini ukiwa sebuleni kwa watu ni jambo jingine, na kuamini ukiwa mlangoni kwako ni jambo jingine.

Mwoka mikate alitoa kiti, na wiki ileile wakaguzi wakalifunga tanuri lake. Mpiga picha alitoa kiti, kioo cha duka lake kikavunjwa mchana kweupe na hakuna aliyeona. Naye fundi, karakana yake ilikuwa chumba cha manispaa. Ufunguo alipewa na shemeji yake, kaka wa mkewe, katibu wa tawi wa chama kikubwa.

"Ufunguo ule una meno, shemeji," katibu alimwambia siku moja huku akicheka. "Nikisikia umetoa kiti, nitaufuata mwenyewe."

Fundi alicheka pia. Usingizi ukampaa tangu siku hiyo. Bila chumba kile hakuwa na pa kuweka cherehani kubwa, meza ya kukatia, wala viti vya wateja, na fundi asiye na pa kufanyia kazi ni mtu anayezurura na nyundo.

"Kinyozi hajinyoi," mkunga alimtania kila walipokutana. "Fundi wa viti, wewe huna kiti?"

"Gundi haijakauka, mama," fundi alijibu, na watu wakacheka. Jibu hilo lilimsaidia mara nyingi.

Mkewe hakumsukuma. Alfajiri alipopiga magoti, alimtaja mumewe katikati ya wagonjwa na wasafiri, kisha akainuka kwenda kuchemsha chai. Fundi alimsikia kila siku, akajifanya amelala.

Basi asubuhi moja, baada ya mvua, katibu akaleta kiti cha ofisi yake. Kilikuwa kiti cha mgongo mrefu, chenye mikono, kimechanika mpaka sponji inachungulia.

"Leo nina wageni kutoka makao makuu," akasema. "Nakifuata alasiri. Weka ngozi nyekundu, na uivute vizuri. Isije ikaninyima heshima."

Fundi akakivua kiti, akatia sponji mpya, akavuta ngozi, akapaka gundi kwenye pindo zote. Lakini hewa ilikuwa nzito kwa unyevu, na gundi ikabaki mbichi. Jua lilipotokeza, alifanya alichokifanya maisha yake yote ya kazi: alikibeba kiti, akakiweka nje mbele ya mlango, akarudi ndani kukata sponji. Mikono ilifanya, kichwa hakikuwepo.

Haukupita muda akasikia, "Hodi hapa."

Akainua macho. Mwashi mzee wa mtaa wa pili alikuwa amekaa kwenye kiti chekundu, kofia mapajani, kama mtu aliyeitwa.

"Nimefurahi kukiona, fundi," mwashi akasema. "Nina swali langu la siku nyingi."

Fundi akatazama kushoto, akatazama kulia. Ng'ambo ya barabara muuza samaki alikuwa ameacha kuparua magamba, anamtazama.

"Mzee wangu, kiti hicho..." fundi akaanza.

"Mjukuu wangu kabadilishiwa masomo shuleni," mwashi akaendelea. "Tulijua tulipoona daftari. Nilipokwenda kuuliza, kijana mmoja akaniambia, mzee, haya hayakuhusu. Mimi nimemlea yule mtoto tangu mama yake azikwe. Nataka kujua, ninyi mnasema mzazi ataulizwa. Ni kweli au ni maneno ya uchaguzi?"

Fundi alikuwa na jibu rahisi mdomoni: nimeanika gundi, naomba uinuke. Akaangalia ile mikono ya mwashi, iliyopasuka kwa saruji, imeshika kofia.

"Ni kweli," akasema, kwa sauti ndogo kama ya mgonjwa. "Tunasema aulizwe kabla, siyo aarifiwe baadaye. Na msipoulizwa, mtuondoe kama mnavyomwondoa mpangaji mkorofi."

"Sema kwa nguvu, hatusikii huku nyuma," muuza samaki akasema. Alikwishavuka barabara, kisu bado mkononi, na nyuma yake walisimama wengine. "Mimi nilisema nyumbani, fundi makochi akitoa, na mimi natoa. Maana yule ni mwoga kuliko sisi sote."

Watu wakacheka. Fundi hakucheka. Akajishika kwenye fremu ya mlango, na moyoni akasema, Mungu wangu, mimi nilianika tu.

Wakati huohuo katibu akatokea kwenye kona, amevaa koti la mikutano. Kicheko kikafa. Alikitazama kiti chake, akamtazama mwashi juu yake, kisha akamtazama shemeji yake kwa muda mrefu.

"Shikamoo, mzee," akamwambia mwashi. "Hicho ni cha kwangu."

Mwashi akainuka. Suruali iliacha alama kidogo kwenye pindo, pale gundi ilipokuwa haijashika.

Katibu akamsogelea fundi, akaongea polepole, karibu kwa huruma. "Dada yangu anakula kwa chumba hiki. Sitaki kukifunga. Nakujua, ulianika gundi. Si ndiyo? Waambie basi. Waambie hawa ulianika gundi, waende zao, na mimi sijaona kitu."

Ilikuwa kweli. Hapo ndipo palipokuwa na ubaya wake: kweli yenyewe imekuja kumpa mahali pa kujificha. Fundi aliona nyuso zote. Muuza samaki alikuwa amekishusha kisu. Mwashi alikuwa anaivaa kofia yake taratibu, kama mtu aliyezoea kuambiwa hayamhusu.

"Ni kweli," fundi akasema. "Hicho nilikianika gundi ikauke."

Mtu mmoja akaguna. Wengine wakaanza kugeuka.

"Ni cha katibu, na akichukue," fundi akaendelea. "Ngojeni."

Akaingia ndani. Akatoka na kigoda chake, kile alichokalia akishona, kilicholika upande mmoja kwa uzito wake. Akakiweka palepale, juu ya alama za miguu ya kiti chekundu. Kigoda kikagonga saruji.

"Hiki ni changu," akasema.

Katibu hakupaza sauti. "Kesho asubuhi nitaufuata ufunguo," akasema. Akavua koti, akakifunika kiti chake, akakibeba mwenyewe. Alipoikaribia kona, mtoto wa mtu akauliza kwa adabu kabisa, "Na wewe katibu, unakwenda kukiweka mlangoni?" Hakuna aliyethubutu kucheka mpaka alipopotea.

Fundi alirudi kwenye cherehani. Hakuwa tena na pa kukaa, akashona amesimama, ameinama, mgongo ukimuuma. Alizitazama kuta, meza, viti vya watu, akihesabu kipi kitahamia wapi na mvua ikinyesha kitafunikwa na nini. Alijaribu kusali, maneno hayakuja, akabaki na lile moja la mkewe la kila alfajiri, la wagonjwa na wasafiri.

Nje, kigoda kikalia kidogo. Mtu alikuwa amekaa.

"Hodi, fundi," sauti ya muuza samaki ikasema. "Na mimi nina langu la kuuliza."

Fundi akaweka sindano chini, akajifuta viganja kwenye suruali, akaenda mlangoni.