Ndoo Yenye Upako

Juisi ya meza ya Bwana iligeuka pombe, na mtu wa kwanza kujua alikuwa Minza, aliyetengwa na kanisa kwa kupika pombe.

Yake ilikuwa wanzuki, ya asali. Aliiacha mwezi wa tano, akatubu mbele ya watu, akapewa kazi ya kufagia kanisa pale Magamba mpaka Jumapili ya ushirika atakaporudishwa. Alikuwa na haraka. Binti yake Queen anaolewa Desemba, na mama aliyetengwa hasimami mbele kumkabidhi mwanawe. Anakaa benchi la nyuma kama mpita njia.

Zabibu zilikuja na treni kutoka Dodoma. Mzee wa kanisa, Leodgar, alizikamua kwa mikono yake Alhamisi, akachuja kwa kitambaa, akajaza ndoo ya lita ishirini, akabana mfuniko. Juisi ya boksi hakuitaka. Imejaa dawa, alisema. Jumamosi mchungaji akapiga simu: gari limeharibika njia ya Ikola, ushirika usogezwe wiki moja. Ndoo ikabaki ofisini, chini ya bati, kwenye joto la Septemba.

Jumatatu Minza alikuta mfuniko umefyatuka.

"Mzee, imeanza kuchacha. Ichemshe leo hii, itatulia."

Leodgar alimtazama kama anayetazama mbuzi anayeongea. "Mama Queen, hii ni zabibu. Siyo ule uchafu wako wa asali."

"Utamu ni utamu, mzee. Ukikaa kwenye joto unachacha."

"Na haya mapovu?"

"Ndiyo pombe inajitengeneza hiyo."

"Huu ni upako," alisema Leodgar bila kucheka, akachota nusu kikombe kuhakikisha haijaharibika.

Jumanne alihakikisha tena. Jumatano alihakikisha mara tatu. Mwanamume ambaye hajawahi kuonja kilevi, na alikuwa akilitangaza hilo kila kikao! Povu likaisha, ndoo ikatulia, na sala zake za jioni zikarefuka mpaka watoto wakasinzia. Ijumaa aliimba besi ya watu wanne peke yake. Waumini wakasema mzee ameguswa. Minza aliendelea kufagia. Alishasema mara moja, na Desemba ilikuwa karibu.

Jumapili mchungaji alinusa kikombe, akakirudisha mezani.

"Nani ametengeneza hii?"

Leodgar alisimama, akashikilia kiti. "Mimi nilitengeneza juisi. Lakini anayefagia humo ofisini ni Minza. Nyie mnamjua."

Watu mia mbili wakageuza shingo.

"Sijatia kitu," Minza akasema. "Zabibu inachacha yenyewe. Nilimwambia Jumatatu aichemshe."

"Jumatatu ulijuaje?"

"Kwa pua, mchungaji."

Kanisa zima likaguna. Pua ile ilitosha kuwa ushahidi. Baraza la wazee lilikaa saa nzima, katibu akiwa Leodgar huyo huyo, akiandika mistari inayopanda na kushuka.

Lita kumi na nne zilimwagwa chini ya mpapai. Lita sita zilikuwa zimeshapita kooni kwa Leodgar, na hakuna aliyeziulizia. Yeye alionywa awe makini na ufunguo wa ofisi. Minza aliongezewa miezi sita: Oktoba, Novemba, Desemba, Januari, Februari, Machi.