Dokta Siwatu Anatoa Miji

Usingizi unamchukua Dokta Siwatu mchana kweupe, wali wa kantini ungali mzito tumboni, kalamu mkononi, fomu ya Nyemo mbele yake. Miaka sita sasa anatafiti ugonjwa wa utumbo mpana unaovimba na kutoa damu bila mdudu yeyote kuonekana, na amechoka hoi. Fomu inataka saini tu. Nyemo, mwalimu wa Mpwapwa aliyemezeshwa dawa za amiba kwa miaka mitatu kabla ya kumfikia Siwatu, ameandika kwenye daftari lake la kila siku: choo mara mbili, naendelea vizuri, asante dokta. Saini ikiwekwa, amehesabiwa kupona na dawa inasimamishwa. Kama hajapona, damu itarudi, na safari hii huenda utumbo ukakatwa. Siwatu anafumba macho kidogo tu, ayapumzishe, na meza inakuwa barabara.

Ni barabara laini, yenye unyevunyevu, inapinda na kupinda tena, na kila kona inamrudisha kwenye kona aliyoiacha. Kandokando ni miji, kila mji na pacha wake wanatazamana, kanga zimeanikwa kulia, kanga zilezile kushoto. Anaijua miji hii, ndiko wanakoishi wagonjwa wake. Watu wanapita, hawana nyuso, anawauliza habari, wanajibu nzuri, nzuri tu, hata yule anayetembea ameinama kashika tumbo. Siwatu anaandika nzuri, nzuri, mpaka mkono unauma. Kisha mmoja asiye na uso, aliyevaa koti jeupe kama lake, anamzibia njia. Kitendawili, anasema. Nimechoka bwana, niache nipite. Kitendawili. Haya, tega. Nimekwenda harusi saba, bibi harusi sijamwona hata mmoja. Kipofu, anasema Siwatu. Siye. Basi mpishi, yuko na masufuria yake uani. Siye, nipe mji. Hiyo ndiyo sheria tangu utotoni, ukishindwa unatoa mji, kwa hiyo anasema chukua Singida, na Singida inazimika pande zote mbili, na wagonjwa wake wanne wa huko wanafutika kwenye orodha. Barabara inapinda, yuleyule anamngoja. Dereva wa maharusi? Siye, nipe mji. Inakwenda Korogwe. Mwizi wa viatu, anasema Siwatu, sasa kwa hasira. Siye. Inakwenda Tabora, na angelala papo hapo njiani kama angeruhusiwa.

Inabaki Mpwapwa. Huu sitoi, anasema. Basi jibu. Jibu silijui, na mji sitoi, mna mtu wangu humo. Kamwulize, anasema asiye na uso, na anampisha. Anaingia, na harusi iko palepale, vigelegele, turubai limejaa, anamtafuta Nyemo kwenye viti vya mbele, anamtafuta kwa wanaocheza, hayupo. Anamkuta nyuma ya nyumba, kwenye kiti cha plastiki, hatua tatu kutoka mlango wa choo, kavaa gauni jipya, na yeye uso anao, uso wake mwenyewe, umekonda. Shikamoo dokta. Marahaba, habari yako, Nyemo? Nzuri, dokta. Muziki unapigwa kule mbele, bibi harusi anaingia, na Nyemo hanyanyuki, hathubutu kukiacha choo. Siwatu anaona haya mpaka masikio yanawaka moto, maana miaka sita amekuwa akiwauliza watu habari, na mtu gani mwenye adabu humjibu mkubwa wake kwamba habari ni mbaya?

Anazinduka. Mstari wa wino umekatiza fomu, wala si saini. Anapiga simu Mpwapwa. Shikamoo dokta, anasema Nyemo, naendelea vizuri, pole na kazi. Marahaba, mwanangu. Leo sikuulizi hali. Tangu alfajiri umekwenda mara ngapi? Usinionee huruma. Nyemo anapunguza sauti. Mara tisa, dokta. Ulivyohangaika na mimi, niliona nikikwambia nitakuvunja moyo. Siwatu anaichana fomu. Nje ya mlango, korido ya hospitali inapinda mahali ambapo hakumbuki iliwahi kupinda, na hajui kama kweli ameamka, wala hana nguvu ya kwenda kuhakikisha. Analia, anavuta karatasi tupu, anabana simu begani. Na jana, mwanangu, anauliza, jana zilikuwa ngapi?