Vistari Vilivyoharibu Safu

Karani wa duka la miwani alikuwa na ugonjwa ambao hakuna daktari aliyewahi kumwambia ni ugonjwa: alipenda jedwali lipendeze. Wengine hupaka rangi kucha. Yeye alipaka seli. Mpe majina ya wateja, namba zao za simu, tarehe na vipimo vya macho, utamkuta mbele ya kompyuta akivipanga na kuvipangua hadi chai yake ipoe.

Na kazi aliijua, tusimnyime haki yake. Namba za simu aliziweka kama maandishi, kwa sababu ukiziacha kama namba, kompyuta inaimeza sifuri ya mwanzo, halafu unabaki kushangaa simu ya mteja haiiti. Tarehe alizilazimisha zitangulize siku kisha mwezi. Vipimo vya lenzi alivipa desimali mbili kila kimoja, nukta chini ya nukta, kama askari kwenye gwaride.

Kilichomkera ni vistari. Mtu asiyeona mbali hukatiwa lenzi ya kutoa, na kipimo chake huandikwa na kistari mbele. Asiyeona karibu hukatiwa lenzi ya kujumlisha, ambayo pale dukani haikuwekewa alama yoyote. Basi vile vistari vikawa vinachomoza upande wa kushoto wa safu kama nywele zilizogoma kuchanika. Siku moja akafungua orodha ya mitindo ya namba, akakuta mmoja unaofuta kistari na badala yake unaipaka namba rangi nyekundu. Akabofya. Safu nzima ikanyooka, nyekundu kwa nyeusi. Akajipongeza mwenyewe, maana hakukuwa na mwingine karibu wa kumpongeza.

Kisha akachapa oda za wiki, akazipeleka bila kuzitazama mara ya pili kwa fundi wa lenzi, chumba cha nyuma.

Fundi huyo alikuwa mjomba wake, kaka wa mama yake, na ndiye aliyembembeleza bosi hadi binti huyu akapata kazi pale. Mzee wa mdomo mwepesi kutania na mzito kusifia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Mbona karatasi imenyooka hivi? Hizi ni oda au barua ya posa?"

"Nimeipanga vizuri ili usipate kisingizio."

Mjomba aliisogeza karatasi karibu na taa. "Haya. Ila naona wiki hii wote ni wa kujumlisha, lenzi za kusomea. Vijana wasioona mbali wamehama?"

"Wewe kata lenzi, mjomba. Macho ya watu mwachie daktari."

Mzee akacheka, akawasha mashine. Binti naye akatoka anacheka. Baadaye angetamani kicheko kile akirudishe tumboni.

Wateja walipochukua miwani yao, haikupita siku nyingi wakaanza kurudi. Dereva wa lori alikuja na miwani mkononi, ameishika kama mtu aliyeokota panya. "Nimevaa hii kitu yenu," alisema, "nikamwamkia mti. Na ukaniitikia, maana nyuma yake kulikuwa na mama mkwe." Akafuata msichana wa chuo, anaona ukungu kila mahali. Akafuata mwalimu wa hesabu, huyo hakuwa na mzaha hata kidogo.

Bosi, mama mtulivu aliyelianzisha duka hilo kwa jasho lake, alizipima lenzi moja moja. Zote zilikuwa za kujumlisha mahali palipotakiwa za kutoa. Akamwinamia karani kwenye kompyuta.

"Hizi nyekundu maana yake nini?"

"Ni za kutoa, bosi. Nyekundu ni kutoa."

Alisema kweli, na aliisema kwa moyo mweupe. Bosi akaenda chumba cha nyuma. Karatasi za oda zilikuwa zimeshatupwa pamoja na vumbi la lenzi.

"Mzee wangu, kompyuta inasema kutoa, wewe umekata kujumlisha."

Mjomba alivua miwani yake, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. Karani, aliyesimama mlangoni, alisubiri utani. Haukuja.

"Basi sikuviona vistari," mzee alisema taratibu. "Ni vidogo. Sikuviona."

Bosi hakufoka. Laiti angefoka. Alisema tu kwamba mwisho wa mwezi atatafutwa fundi mwingine mwenye macho mapya, na kwamba mzee ametumika vya kutosha.

Karani akamhurumia mjomba wake. Alimhurumia kwa dhati, kama mtu anavyoweza kumhurumia mwenzake wakati yeye mwenyewe hajaguswa. Akarudi mezani, akachapa oda za kurudia.

Printa ya duka ilikuwa na wino mweusi tu. Karatasi ikatoka na joto lake, namba zote nyeusi, nukta chini ya nukta, na kistari hakuna hata kimoja. Binti aliitazama. Akaigeuza upande wa pili, kana kwamba vistari vilikwenda kujificha huko. Uso ukamwaka. Akaichanachana karatasi vipande vidogo kuliko ilivyohitajika, akarudisha mtindo wa zamani, akachapa upya, akampelekea mjomba huku ameangalia kiatu chake.

Nitamwambia kesho, alijisemea. Kesho ikafika, akaiona haina tofauti na leo, akaisukuma mbele.

Ndipo asubuhi moja mjomba akamfuata mwenyewe, uso umechanua, karatasi ya oda mpya inapepea mkononi.

"Mpwa wangu! Naviona! Vistari vyote, kimoja kimoja!"

"Unaviona?"

"Ni karoti! Mkaza mjomba wako ananilisha karoti asubuhi, mchana, jioni. Bado kidogo niote masikio marefu. Sikiliza." Akaanza kusoma kwa sauti, kidole kikitembea. "Kutoa mbili. Kutoa moja na robo. Kutoa nusu. Nimekosea?"

"Hujakosea."

"Sema hongera basi."

"Hongera, mjomba."

Alilisema huku akizinyoosha kalamu mezani. Mzee hakuona; alikuwa ameshaelekea kaunta kumsomea bosi, safu nzima, kwa madaha ya mtoto aliyehitimu chekechea. Bosi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Mzee wangu, macho hayarudi kwa karoti. Huenda leo umebahatisha. Nimeshaongea na fundi mwingine."

"Sijabahatisha! Mpwa wangu shahidi. Mwambie, binti. Mwambie nilivyosoma."

Wote wawili wakamgeukia. Mjomba alikuwa anatabasamu, anamtegemea. Binti angeweza kusema "amesoma vizuri" na kuishia hapo. Hata kinywa alikuwa amekifungua kwa ajili hiyo.

"Amesoma vizuri," alisema. "Na hata wiki ile alisoma vizuri. Vistari havikuwepo."

"Havikuwepo wapi?" bosi akauliza.

Karani aliigeukia kompyuta. Aliubofya ule mtindo wa rangi, akachapa, akaiweka karatasi kaunta kando ya ile ya mjomba. Namba zilezile, wateja walewale. Moja ina vistari, nyingine haina. Bosi akaitazama ya kwanza, akaitazama ya pili, akaitazama kompyuta inayong'aa wekundu.

"Umejua lini?"

"Nilipochapa oda za kurudia."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Tabasamu la mjomba halikuondoka ghafla. Lilishuka polepole, kama pazia lililokatika kamba upande mmoja. "Nimekuja kwako sasa hivi," alisema, "nimekwambia macho yamerudi. Ukaniambia hongera."

Mzee akachukua karatasi yenye vistari, akarudi chumba cha nyuma.

"Fundi haondoki," bosi alisema. "Na wewe, wateja wote waliopewa miwani mbovu utawapigia simu mwenyewe. Mmoja mmoja."

Akaanza na mwalimu wa hesabu. Ukuta wa chumba cha nyuma ulikuwa wa mbao nyembamba; mashine ya lenzi ilisikika ikinguruma.

"Shikamoo, mwalimu. Napiga kutoka dukani kwa miwani. Tunaomba radhi, kulitokea hitilafu ya mfumo..."

Nyuma ya ukuta mashine ikazimwa.

"Mfumo gani?" mwalimu akauliza. "Mimi nilikuwa namlaani fundi wenu."

Karani alifumba macho. "Fundi hakukosea, mwalimu. Nimekosea mimi. Niliondoa alama ya kutoa kwenye vipimo."

"Uliondoa alama ya *kutoa*? Kwa nini?"

"Ilikuwa inaniharibia safu."

"Inakuharibia nini? Sikusikii, binti, sema kwa sauti."

Alijua mjomba amesimama akisikiliza upande ule, mkono juu ya swichi.

"Safu, mwalimu!" alisema, sauti ikijaza duka hadi kwa wateja waliokaa kwenye benchi. "Nilitaka ipendeze."