Simfonia Isiyo na Mhuri

Kwarara alikuwa amefika mstari wa kumi na nne wa sehemu ya besi kalamu ilipokwaruza karatasi na kuacha doa. Akalikausha kwa kitambaa, akaiandika nota ile upya pembeni ili mpigaji asibabaike. Alikuwa akinakili simfonia ya Bibi Bata, ya pekee aliyoitunga maishani, na kila mpigaji wa okestra alihitaji karatasi zake. Wapigaji walikuwa thelathini. Kwarara alikuwa amewamaliza wanne.

Hii ilikuwa Bondeni, nchi ya ndege iliyo chini kuliko bahari na kuzungukwa na kuta za udongo. Wananchi wake walijua kuzuia maji kuliko taifa lolote. Muziki, hata hivyo, waliamini hutoka Milimani, nchi jirani, kwa watunzi waliokufa zamani. Redio ya Ikulu ilipiga nyimbo za Milimani asubuhi, mchana na jioni, na ukumbi wa Mfalme Heroe ulifanya vivyo hivyo. Hakuna sheria iliyowakataza watunzi wa Bondeni. Kulikuwa na fomu tu. Fomu iliuliza: kazi hii imewahi kupigwa lini, na wasikilizaji wangapi wameiomba?

Bibi Bata alikuwa ameijaza mara kumi na tisa, na kila mara aliziacha nafasi hizo mbili wazi, kwa kuwa hakupenda kudanganya. Sasa masikio yake yalikuwa yanazimika. Tabibu alimwambia imebaki miezi michache. Alitaka kuisikia kazi yake mara moja kabla ya hapo.

Adhuhuri Kwarara aliweka kalamu chini, akaenda kwenye baraza la Mfalme kumwombea kibali.

Korongo, Waziri wa Nyimbo, alimpokea kwa adabu. Hakuwa ndege mbaya. Aliupenda muziki hata akalia hadharani. Alieleza kwamba kila mwaka wasikilizaji huchagua wenyewe, kwa uhuru kamili, kutoka orodha ya nyimbo zilizopigwa mwaka uliopita. Kwarara akauliza mtu ataombaje wimbo ambao hajawahi kuusikia. Waziri alisema hilo ni swali zuri na liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Likaandikwa.

Diwani Chiriku alicheka. "Kwarara, ndugu yangu, mimi ni wa Bondeni kama wewe. Lakini vibao vyetu vinanuka matope."

"Umevisikia vingapi, Mheshimiwa?"

"Sijasikia hata kimoja. Nitavisikilizaje na harufu hiyo?"

Baraza lilicheka. Mfalme Heroe, aliyekuwa amesimama kwa mguu mmoja tangu kikao kianze, akabadilisha mguu. Wote wakanyamaza.

"Iandikwe kuwa ni ya mtunzi wa Milimani asiyejulikana," alisema. "Wanakili wa Ikulu wagawane sehemu zilizobaki, wiki ijayo ipigwe. Bibi si anataka kuisikia? Ataisikia."

Madiwani walishusha pumzi. Waziri alimkumbusha Kwarara, kwa upole, kwamba wapigaji wawili wakikutwa pamoja wakipiga kazi isiyo na mhuri wa baraza, vyombo vyao huvunjwa.

Kwarara alimkuta Bibi Bata kibarazani kwake. Ilimbidi arudie habari mara tatu, kila mara kwa sauti kubwa zaidi, hata majirani wakajua kila kitu.

"Watapiga makofi?" Bibi aliuliza.

"Watapiga, Bibi."

"Na watamshukuru nani?"

"Mtunzi wa Milimani, Bibi."

"Basi hapana, mwanangu. Na mtu akijifunzia peke yake, nyumbani kwake, naye anahitaji mhuri?"

Kwarara aliipitia sheria kichwani, kifungu baada ya kifungu. Mpigaji wa peke yake hakuhitaji mhuri.

"Nitapita nyumba kwa nyumba," Bibi alisema. "Kila mmoja anipigie sehemu yake. Kuziunganisha kichwani niachie mimi."

Kwarara akamwambia sehemu ya besi ingekuwa tayari keshokutwa. Alikuwa ameanza na sauti nzito kama kila mnakili wa Bondeni, ambako kila kazi huanzia chini kwa sababu ukuta huanzia chini. Filimbi ingekuwa ya mwisho, baada ya miezi mitano.

Bibi akatikisa kichwa. "Vifaranga wa jirani siwasikii tena tangu mwezi uliopita. Naona midomo inafunguka tu. Sauti nyembamba ndizo zinazoniaga kwanza."

Kwarara alihesabu siku alizozimalizia kwenye sauti nzito.

Alirudi mezani, akaiweka besi kando ikiwa katikati ya mstari. Akachukua karatasi mpya, akaandika juu yake jina la Bibi Bata kwa wino mzito, kisha nota ya kwanza ya filimbi. Jioni Kwezi, mpiga filimbi, alileta ujumbe kwamba ataacha dirisha wazi kuanzia asubuhi, na kwamba kibarazani pake pana kiti.

Mwanga ulipoondoka mezani, Kwarara alikuwa amemaliza ukurasa mmoja kati ya sita. Aliuacha wazi, wino ukauke.