Matumbawe ya Bureau

Wakati wa uhuru, Mubelgiji mumoja alikimbia Butembo, akaachia Kabongo, mukubwa wa bureau ya serikali, sanduku ya vioo yenye maji ya bahari. Ndani mulikuwa matumbawe laini, banyama benye kufanana na maua.

Kila siku maji ilikuwa inapunguka. Kabongo anaongeza ingine, pamoja na chumvi ya ziwa ya Katwe yenye mimi Kavira ninauzisha. Matumbawe ikajikunja.

Kabongo akaniita ku bureau: « Mama, chumvi yako iko mubaya! »

Nikaonja ile maji, nikatema. « Mukubwa, jua inakunywaka maji, chumvi inaiachaka. Ni vile tunaipataka kule Katwe. Toa hii kidogo, ongeza maji ya mvua tu, polepole. »

Akafanya vile. Nyuma ya juma mbili matumbawe ikafunguka. Kabongo akaandikia bakubwa yake rapport. Ugonjwa: chumvi ya Kavira. Munganga: Kabongo.